Jiwe Langu la Kusagia Mezani kwa Watu

Mwanangu alipolazwa hospitali, huku nyuma mjomba akagawa jiwe langu la kusagia. Aliwapa wazee wa chama cha historia waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba hapa Tunduma kukusanya vitu vya kale. Eti walimnunulia soda na kumpiga picha. Jiwe lenyewe niliachiwa na bibi, maana kwetu jiwe la kusagia mwanamke humwachia mwanamke. Mjomba hajawahi hata kupepeta ulezi, sijui aligawa kama nani.

Tuliporuhusiwa, nilimbeba mtoto mgongoni nikaenda ofisini kwao. Nikalikuta mezani, limebandikwa karatasi: "Lilitumiwa na wanawake wa zamani." Zamani ipi? Mwezi huohuo nilisagia uji wa mtoto, kwa sababu mwenye mashine hakuwashii kwa kikombe kimoja cha ulezi.

"Dada, usiguse," mwenyekiti akasema. "Hiyo ni historia ya bibi zetu."

"Bibi yako alikuwa na lake, mzee. Hili ni langu."

"Mjomba wako ameshatoa."

"Basi mkalisheni yeye hapo mezani. Ni wa zamani kuliko mimi."

Jiwe la chini lilikuwa zito. Nikabeba lile dogo la juu, la kusukumia, nikaondoka. Kesho yake wakanifuata nyumbani, eti wageni wanakuja kutazama, ilhali jiwe lao halijakamilika. Nikawaambia walete na la chini, tuyaone yote pamoja. Wakalileta kwa toroli, wazee wazima. Nikalipokea, nikafunga mlango.