Jogoo wa Mnada wa Adumi

Nyumbani kwetu Awindiri, mjini Arua, tuliongea Kiswahili, kwa sababu mume wangu alikuwa Mkakwa wa Koboko na mimi Mlugbara wa Adumi, na hakuna kati yetu aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake. Yeye alikuwa dereva wa lori, akakiokota barabarani. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikakitoa vitabuni, na nilimsahihisha hata tulipokuwa tunagombana. Aliniita Mwalimu. Nami nilimwita Mzee tangu hajaota mvi.

Mwaka niliostaafu, koo lake lilianza kukataa chakula. Ilianza nyama, ukafuata ugali wa muhogo, mwisho hata ndizi ya kupondwa ikawa inarudi. Daktari hakutuficha: ni uvimbe, unatolewa Kampala, lakini tusikawie. Sikuogopa sana. Kiinua mgongo changu chote kilikuwa benki.

Benki yenyewe ilikuwa mpya, ya tajiri mmoja wa hapa Arua, jengo la vioo lenye baridi ndani kama mochari. Riba yake ilitufanya walimu wastaafu tusukumane mlangoni. Hakuna aliyeuliza riba nono hivyo inatoka shamba gani.

Tajiri huyo alikuwa na hasimu, mwenye vituo vya mafuta barabara yote ya Koboko. Zamani walikula sahani moja. Uchaguzi wa chama ulipokaribia, kila mmoja akataka uenyekiti wa mkoa wetu mzima wa West Nile, na tangu hapo wakawa hawaachiani hata msiba: huyu akileta hema, yule analeta hema na jenereta.

Wiki ileile tuliyotoka kwa daktari ikaja misa ya mavuno kigangoni Adumi. Kwetu sadaka ya vitu hupigwa mnada baada ya misa: ufuta, mihogo, mayai, kuku. Mnunuzi hulipa kupita bei ya soko kwa ajili ya Mungu, na akiwa muungwana humrudishia mwenyewe kitu chake. Mzee alikuwa amebeba jogoo wetu mwekundu, aliyemlea kwa mkono tangu kifaranga. Hakuwa na kingine cha kutoa, na alitaka kumwomba Mungu akiwa ameshika kitu.

Matajiri wote wawili walikuwa wamekaa mbele. Katekista alipomwinua jogoo, wa benki akataja bei ya mbuzi. Wa mafuta akataja bei ya ng'ombe. Wakaendelea kupandishana bila kutazamana, jogoo ananing'inia miguu juu, mpaka wa benki akataja kiasi kilekile ambacho daktari alikuwa ametuambia cha upasuaji. Watu wakaruka. Mimi nilipiga vigelegele kuliko wote, maana jogoo alikuwa wetu.

"Murudishie mzee kuku yake," tajiri akasema, akapigwa picha, akaondoka.

Njiani Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mwalimu, hii kuku sasa iko mukubwa kuliko mimi."

Kesho yake nilikwenda benki kuchukua pesa za Kampala. Askari wa mlangoni alinizuia kwa upole. "Mama, leo pesa hakuna. Rudi wiki kesho." Wiki iliyofuata hata yeye hakuwepo. Mlango ulikuwa na kufuli na karatasi ya serikali, na sisi wazee tumejaa kwenye ngazi tukiulizana maswali ambayo kila mmoja wetu alijua majibu yake.

Redio ndiyo iliyotueleza. Benki ile ilikuwa ya kutakatisha fedha. Pesa za dhahabu iliyovushwa kutoka Kongo ziliingia kwa magunia, zikaandikwa kuwa mikopo na faida za biashara ambazo hazipo, zikatoka safi na kugeuka maghorofa Kampala. Kampeni ilipopamba moto tajiri akakosa pesa taslimu, akachota akiba zetu. Kwa hiyo jogoo wangu alinunuliwa kwa kiinua mgongo changu, nami nikashangilia.

Na nani aliyetoboa siri? Yule wa mafuta. Msidhani alituonea huruma. Fedha zake zilipita mlango huohuo, akaziondoa kwanza, kisha ndipo akapiga yowe. Uenyekiti akaupata bila mpinzani. Wanasema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Mimi nasema tembo wale hawakuwa wanapigana. Walikuwa wanakula, na nyasi ndizo chakula chenyewe.

Tuliuza kiwanja chetu kwa bei ya mtu mwenye shida. Ndugu walichanga. Haikutosha, na kuhusu akiba zetu tukaambiwa tusubiri, wakubwa wa Kampala wanashughulikia. Uvimbe haukuambiwa usubiri. Mzee alipobaki wa maji na uji mwepesi, nilitaka kumchinja jogoo nimpe walau supu. Alinishika mkono.

"Wacha. Hiyo kuku iko ya bei. Mimi nitakula na nini? Koo iko wapi?"

Alikufa asubuhi, redio ikisoma bei za mazao. Tulimpeleka kwao Koboko, na wifi yangu, dada yake Mzee, akamfunga jogoo miguu akampakia pamoja na masufuria.

Mwenyekiti mpya, yule wa mafuta, alikuja mazikoni. Alihutubia kuliko padri, akatoa bahasha ya rambirambi mbele ya watu wote, wakapiga makofi. Mgeni mkubwa hapewi maharage, kwa hiyo wanawake wakafanya walichopaswa kufanya. Mimi nilikuwa mkekani, miguu imenyooka, nikaona sahani ikipita. Wifi alipiga goti akamnawisha mgeni mikono.

Alikula vizuri. Nilimtazama kooni kila alipomeza. Lilipanda na kushuka bila taabu yoyote, na moyoni nililia kwa hasira ambayo sina pa kuipeleka.

"Kuku ya kienyeji iko tamu sana," akasema. "Munatoa wapi hii?"

"Iko ya marehemu, mheshimiwa," wifi akajibu.

Akatikisa kichwa kwa huzuni, akachukua paja la pili.