Rivolva Ambayo Baba Hakuichagua

Juzi nilikwenda Richmond Hill kuchukua miwani yangu, nikakaa kusubiri, na nilipoinua macho nikalitambua lile dirisha. Hapohapo zamani palikuwa duka la bunduki. Nalijua vizuri, maana nilipokuwa na miaka kumi na minne, Jumamosi zangu karibu zote ziliishia kwenye kaunta ya duka lile, nimesimama nimenuna, namsubiri baba achague rivolva.

Wala baba hakuwa mtu wa fujo. Alitaka bastola ndogo tu, ya risasi ndogo kabisa, zile za namba ishirini na mbili, akalenge shabaha za karatasi klabuni. Zamani Tanzania alipitia mafunzo ya kijeshi ya JKT, na kwa maneno yake mwenyewe, kombania nzima hakuna aliyemfikia kwa shabaha. Hapa Toronto alikuwa anapanga maboksi ghalani, chini ya kijana aliyeshindwa hata kulitamka jina lake. Alituahidi mimi na mama kwamba tutamwona, walau mara moja, akifanya kitu anachokiweza kuliko wenzake. Na mimi, pamoja na kununa kote, nilitaka sana kumwona.

Kozi ya bunduki alisoma, mtihani akafaulu. Lakini fomu ya leseni ilitaka sahihi ya mke, na mama akagoma. Basi wewe si unawajua Watanzania? Kikaitishwa kikao! Sebule yetu ya Etobicoke, ghorofa ya kumi na moja, ikajaa shangazi, baba mdogo na nusu ya kwaya, wanakula wali wa nazi na kujadili bastola kama vile wanajadili posa. Mwenyekiti alikuwepo, katibu alikuwepo, na muhtasari ukaandikwa, jamani! Shangazi akauliza kama zinapatikana za rangi ya fedha. Mwishowe mama alitia sahihi ili watu waondoke, vyombo vioshwe.

Nikadhani yamekwisha. Thubutu! Kila Jumamosi, nikishapandisha nguo kutoka kwenye mashine za kufulia kule chini, safari inaanza. Hita ya gari ilikuwa imekufa, kwa hiyo nilipakata mfuko wa sambusa za jirani yetu Msomali nipate joto. Tukifika, muuzaji, mzee mpole mwenye subira ya ajabu, anazipanga bastola upya palepale. Hii inaingia risasi sita, ile tisa. Hii ya chuma, inatulia mkononi. Ile nyepesi, haichoshi. Hii ina mtutu mrefu, inalenga vizuri zaidi. Baba anashika, ananyoosha mkono, anavuta triga, anatikisa kichwa.

"Triga nzito."

Analetewa nyingine. Nzito. Nyingine tena. Nzito! Muuzaji akamweleza kwamba rivolva za risasi ndogo zote ndivyo zilivyo, springi yake lazima iwe kali, ila ukivuta kwanza kwa dole gumba ile nyundo ndogo ya nyuma, triga inakuwa laini. Baba akasema huko ni kudeka. Miezi saba, mtu mzima, anabishana na springi!

Jumamosi moja nikakosa sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yangu kule Agincourt kwa ajili ya upuuzi huo, na uzalendo ukanishinda. Nikamwambia baba kwa Kiingereza, muuzaji akisikia, kwamba hakuna bastola nzito hapa, yeye tu hawezi kuamua. Nikaomba ile aliyotoka kuiweka chini. Muuzaji akamtazama baba, baba akaitikia kwa kichwa. Ndani mlikuwa na risasi za bandia. Nikailekeza ukutani, nikavuta. Ikalia ta. Nikavuta tena, na tena, nikihesabu kwa sauti mpaka sita, makusudi, ili aone.

Muuzaji akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na uchafu. Baba akaingiza mkono wa kulia mfukoni.

"Iko vizuri hiyo, mama," akaniambia. "Twende nyumbani."

Garini, ufunguo ulimshinda kuuzungusha. Akauzungusha kwa mkono wa kushoto, kwa shida, na mimi nikaona, nikageukia dirishani kwa sababu nilikuwa bado nina hasira na ile sherehe.

Hatukurudi tena dukani. Mwaka uliofuata daktari alituambia jina la ugonjwa, misuli inakufa kidogo kidogo, na kwamba bila shaka ulianzia kwenye vidole vya mkono ule, zamani kidogo. Baba akasema ndiyo, alikuwa anajua. Alikuwa anatafuta bastola moja tu ambayo bado anaiweza.

Sasa duka halipo, na baba hayupo. Nchi hii hakuna aliyewahi kumwona akifyatua hata risasi moja. Waliomwona akishindwa ni mimi na yule mzee wa dukani, na mzee wa watu aliangalia pembeni.