Cherehani Chini ya Kiti cha Baba Mkwe

Mzigo wa maana hulindwa na mwanamume. Bwanangu alisema hivyo asubuhi ya safari, akiwa ameketi kitandani, mimi nimepiga magoti nakaza kamba.

Mzigo wenyewe ulikuwa cherehani yangu ya mkono. Baba yangu mzazi ndiye aliyeninunulia nilipomaliza shule. Alisema mume anaweza kuachishwa kazi wakati wowote, lakini watoto wa watu hawataacha kuchana kaptura. Nakuru, kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, nilishonea majirani kaptura, nguo za ubatizo na mapazia. Sasa nilikuwa narudishwa nyumbani magharibi kulima mpaka mavuno, kama walivyofanywa wake wengi wa landhi, na sikuwa tayari kuacha mashine katika chumba ambacho ufunguo wake ulifungua pia chumba cha jirani.

Nilikuwa na mpango wangu. Mashine ndani ya gunia, gunia ndani ya kikapu, juu yake nepi za mtoto, tena zile zilizokwisha kutumika. Kikapu chini ya miguu yangu, kamba ya katani kwenye kifundo cha mguu. Mwizi gani angechimba hapo?

"Utasinzia na mtoto," bwanangu akasema. "Baba anasafiri nawe. Apewe Baba."

Baba mkwe alikuwa amekuja Nakuru kutibiwa macho. Jicho moja lilikuwa limefungwa bendeji, la pili lilitoka machozi hata hewa ikiwa tulivu. Huyo ndiye mlinzi. Bwanangu akaitoa mashine kikapuni, akaitia katika sanduku la mbao, akaandika jina juu yake kwa rangi nyeupe. Jina lake, si langu.

Kwetu mke hamkaribii baba wa mumewe. Hamshiki mkono, haketi naye benchi moja, hapiti karibu na magoti yake, hali chakula mbele yake. Nyumbani, ambako kuna uwanja na kuna ukuta, heshima hiyo ina nafasi. Katika behewa la daraja la tatu ilileta jambo moja tu: yeye alikaa mwisho mmoja na mashine yangu, mimi nikakaa mwisho mwingine na nepi.

Stesheni ilijaa askari, maana Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni ilikuwa haijaisha, wakipekua watu na vifurushi. Kila mtu aliamini kwamba palipo na askari wengi hivyo hapana mwizi. Gari la moshi likaondoka, likapita Njoro katikati ya ngano za wazungu, likaanza kupanda. Baridi ikaingia. Baba mkwe akajifunika blanketi, kofia ikamshukia usoni, akalala.

Mbele yake alikaa mtu wa kabuti, mwenye adabu nyingi. Alikuwa amemsaidia kusukuma sanduku chini ya benchi na kumwita "mzee wangu". Sasa nikaona mguu wake. Ulikuwa unalivuta sanduku kwa kisigino, kidogo, halafu unapumzika, halafu kidogo tena, naye macho yapo dirishani kama mtu anayehesabu ng'ombe.

Kando yangu alikaa mama mmoja mwenye gunia la viazi vya Dundori.

"Mama, tafadhali," nikamwambia, "mwambie mzee yule mzigo wake unakwenda."

"Mzee yupi?"

"Yule wa kofia."

"Wote wana kofia. Kwani mdomo wako uko wapi?"

"Ni baba mkwe wangu."

"Aa." Akanitazama, akalitazama sanduku. "Na yule mwizi, naye ni mkwe wako? Mfuate yeye basi!"

Lakini alikuwa mtu mwema, akapaza sauti: "Wee mzee wa kofia! Unaibiwa!"

Wazee wote wa kofia wakaamka, kila mmoja akajipapasa mifuko yake. Wa kwangu tu hakuamka. Mtu wa kabuti naye akajipapasa. "Siku hizi watu hawana haya," akasema, kisha akainuka akaliweka sanduku begani kama lake, maana tulikuwa tunaingia Molo.

Nikamtia mama wa viazi mtoto mikononi, nikaenda. Njia ilikuwa imezibwa na mizigo. Palipokuwa wazi ni mbele ya magoti ya baba mkwe, nami nikapita hapo hapo. Nikaishika kamba ya sanduku. Yule mtu akavuta. Nikavuta. Breki zikakamata, yeye akaachia, akaruka nje, na mimi na sanduku tukaanguka juu ya baba mkwe, mapajani kabisa.

Jicho lake zima likafunguka. "Nani huyu?"

Watu wa kwetu walikuwamo, na nilisikia mmoja akivuta pumzi.

"Ni mkweo, mzee," mama wa viazi akasema kutoka kule. "Amekurudishia sanduku lako."

Baba mkwe akavuta kofia mpaka kidevuni, hakuitoa mpaka Kisumu. Mimi nililiburuta sanduku hadi kwenye benchi yangu, nikalifunga mguuni.

Nyumbani hakuna aliyeuliza habari za mwizi. Waliuliza niliangukaje, kwa upande gani, na kama niliinuka upesi. Kondoo akachinjwa ili kuondoa mwiko, tukapakwa uchafu wa tumbo lake, mimi na yeye, kila mmoja upande wake wa nyumba. Nilisimama nikapakwa. Kisha ami wa bwanangu akasema chuma kilicholeta aibu hii kisirudi tena garini. Kibaki kwa mama mkwe, atakitunza. Mama mkwe hakujua hata kuingiza uzi. Niliketi juu ya sanduku nikasema anayelitaka aje aninyanyue.

Hapo baba mkwe akakohoa nyuma ya ukuta. Hakunisemesha mimi, alimsemesha mkewe, kwa sauti ya kumfikia hata aliye mtoni.

"Mimi nilipewa kulinda kwa kuwa ni mwanamume. Jicho halijui kwamba mimi ni mwanamume. Mwambie mama wa mtoto, akirudi Nakuru, arudi na mzigo wake."

Ami akainuka, akaenda zake.

Nililima, nikavuna, na jioni nikashona. Wakati wa kurudi nilisafiri peke yangu na mtoto, mashine kikapuni chini ya nepi, kamba mguuni. Bwanangu alikuja stesheni kutulaki. Mkono wake ulikwenda kwanza kwenye kikapu. Nikampa mtoto. Kikapu nilikitwika mwenyewe mpaka landhi, yeye nyuma yangu, akiniuliza kwa nini nimekasirika.