Mshenga Aliyewatania Mgambo

Mwaka ule nilitembea mitaa ya Temeke nikiimba peke yangu, maana nilikuwa nimechumbiwa. Au karibu nichumbiwe. Mjomba aliyenilea alisema yeye hana pingamizi, ila ruhusa ni ya bibi. Bibi naye alikaa kwetu kusini, katika mji mdogo karibu na Mto Ruvuma, na alikwishatangaza kwamba mtu wa Dar hatakalia mkeka wake. Mama yangu aliolewa Dar akafia huko huko.

Nikaomba likizo, nikatangulia kumlainisha. Wiki nzima nilitwanga, nikachota maji, nikamkanda miguu. Bibi alikula, akalala, hakulainika.

Ndipo mshenga akaja na basi. Alikuwa fundi cherehani wa Kinondoni, mzee wa masihara, na juu ya hayo kabila lake na letu ni watani. Njia nzima, alikuja kunieleza baadaye, alikuwa akitunga maneno ya kututania. Nilimngoja kituoni. Siku hizo ng'ambo ya mto alitawala bado Mreno, na kila mgeni aliulizwa. Vijana wawili wa mgambo wakamsimamisha.

"Mzee, unatoka wapi?"

Akanikonyeza. "Kwa Mreno. Mie nimetumwa kuja kuiba."

"Kuiba nini?"

"Kitu chenu kizuri kuliko vyote. Nikikipata tu, navuka nacho."

Wakamkamata. Akacheka sana. Walipomvua mkanda akaniambia, "Watani wa huku wanaijua kazi, mwanangu. Sie kule mjini tumeusahau utani." Akaenda nao ofisini ameshikilia suruali kwa mkono mmoja, akiwasifu. Wale hawakuwa wanatania hata kidogo. Walikuwa wageni katika mji wetu, hata mimi hawakunijua. Mmoja akaniuliza, "Huyu ni nani wako?" Msichana atasimamaje kituoni aseme yule ni mshenga wangu? Nikatoka mbio kwenda kwa bibi.

Bibi alisikiliza, akajifunga kanga, akanifuata. Tulipofika, mshenga alikuwa ameshaacha kucheka, kwani ameambiwa anapelekwa polisi wilayani. "Shikamoo, mama," akasema, kama mtoto aliyevunja chungu.

Katibu wa ofisi ile akauliza, "Bibi, mtu huyu unamjua?"

Bibi akamtazama, akanitazama mimi. Neno moja tu, hapana, na harusi yangu ingeishia pale pale. Wala asingekuwa amesema uongo, maana hakuwahi kumwona.

"Ni mkwe wangu," akasema. "Mrudishieni mkanda wake, hajala."

"Mkwe tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Njiani tulicheka mpaka bibi akakaa chini kando ya njia. Mshenga akataka kuanza ile hotuba yake ya posa; bibi akamwambia anyamaze, ameshapewa, anataka nini tena. Kisha akanishika mkono.

"Mshenga wa mama yako nilimfukuza," akasema. "Ndiyo maana mama yako hakuja tena kuniona. Wewe utakuja."

Nikaitikia, nacheka na machozi yananitoka. Hakuniachia mkono mpaka tulipofika mlangoni, na aliniachia tu ili amkunjulie mtu wa Dar mkeka.