Bawabu wa Mbingu, Mkazi wa Kanoni

Kuna filamu sita za anga ambazo nimezitazama mara nyingi kuliko nilivyosoma kitabu chochote cha shule, na sioni aibu kulisema. Zinahusu watu waliopoteza sayari yao, wakajazana katika chombo kimoja kikubwa, wakaenda kugonga lango la mbingu ili waombe kupita. Bawabu wa lango anawafungia. Filamu sita nzima watu wanakufa, vyombo vinalipuka, Nahodha wa wakimbizi anazeeka tukimwona, na yule mwenye ufunguo hasemi kwa nini alifunga.

Sisi wa kijiji cha Kanoni tulizijua kwenye banda la video, kwa sauti ya mtafsiri ambaye hajawahi kukutana na ukimya akauacha salama. Waigizaji wakitazamana tu, yeye anatueleza wanachowaza. Katika filamu ya tatu Bawabu na Nahodha wanakutana uso kwa uso, wanatazamana muda mrefu bila neno, na mtafsiri akatwambia kwamba hawa wawili, ndugu watazamaji, zamani walichanjiana. Banda zima liliguna. Kwetu watu waliochanjiana ni wale waliogawana punje mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja akatafuna punje yenye damu ya mwenzake, na tangu siku hiyo hawezi kumnyima mlango. Sasa Bawabu alimfungia ndugu yake wa kahawa. Tulirudi nyumbani kama watu waliotoka kusikiliza kesi.

Swali hilo lilikaa kichwani mwangu miaka. Nilipofungua kibanda changu pale senta, cha kuwawekea watu nyimbo na filamu kwenye memori kadi, nikanunua simu yenye kamera nzuri, na akili ikaniambia kuwa kama wenye filamu wameshindwa kutueleza, basi nitaeleza mimi. Ningetengeneza filamu ya kabla ya filamu: ujana wa Bawabu na Nahodha, siku walipochanjiana, kosa lililotokea, na mwisho lango likifungwa, pale pale filamu ya kwanza inapoanzia. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Kuna watu nchi hii wanafuga kuku kwa mtaji kama ule.

Niliandika yote isipokuwa kosa. Nikaanza kuuliza wateja. Mmoja alisema wazi kabisa kuwa ni suala la mpaka. Mwingine alisema ni mahari, ng'ombe walikubaliwa na hawakufika. Muuza ndizi alinihakikishia kuwa Nahodha alikuwa mnunuzi wa kahawa na mizani yake ilikuwa na maneno. Hakuna aliyeshangaa kwamba haya yote yametokea angani. Nikaacha nafasi wazi kwenye karatasi, nikajiambia nitaijaza mbele ya safari.

Waigizaji ndio walionipa homa. Nilitaka watu wazima wenye sura nzito, na watu wazima wa Kanoni hawavai helmeti za bodaboda ili wachekwe na wajukuu. Waliokuwa na mapenzi ya kweli na filamu zile walikuwa wawili tu, baba yangu na jirani yetu, na hao walikuwa hawasemezani.

Jirani huyo nilikuwa namwita baba mkubwa, ingawa hatukuwa na damu moja. Ukoo wake ulitoka Muleba, Walutheri, wafanyabiashara wa kahawa. Sisi ni Wanyambo, Wakatoliki, wa jembe. Hilo halikuwahi kuwazuia. Walikuwa wanakwenda banda la video pamoja, wanakaa benchi moja, wanarudi wakibishana njia nzima juu ya Bawabu. Kati ya kibanja chetu, yaani shamba letu la migomba na mibuni, na chake kulikuwa na njia, na njia hiyo ndiyo aliyopita mama kwenda bombani na kanisani.

Kisha mdogo wangu, kitinda mimba wetu, akafa kwa homa. Mimi nilikuwa bwenini. Walikuja kunichukua nikazika, watu walikuwa wengi, sikumbuki nani alikuwepo na nani hakuwepo. Nilipofunga shule nikakuta baba amepanda milamula kukata njia. Mlamula ndio mmea wetu wa mpaka, na ukishasimama mahali haung'olewi ovyo. Nikauliza, nikajibiwa ni mambo ya mpaka. Mama akawa anazunguka na ndoo yake mpaka barabara kubwa, mvua kwa jua, na kwenye banda la video wale wawili wakawa wanakaa kila mmoja kona yake, wakimtazama Bawabu anavyofunga lango, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake.

Niliwaendea waziwazi, mmoja baada ya mwingine. Baba alisema hachezi upuuzi. Nikamwambia basi Bawabu nitamwomba mwenyekiti wa kitongoji. Akauliza kama mwenyekiti anajua hata kusimama, maana yule Bawabu kila kitu chake ni kusimama. Kwa baba mkubwa nilitoa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza Bawabu ni nani. Nilipomjibu, akasema kama ni yule atamwonyesha Nahodha anavyokuwa. Kwa hiyo nilipata waigizaji wangu kwa nguvu ya majivuno, kitu ambacho kwetu hakina msimu.

Lango nalo halikuwa na pa kupatikana ila pale pale. Asubuhi yenye ukungu, ile safu ya milamula iliyokata njia ilionekana kweli kama mwisho wa dunia. Nilimsihi baba ang'oe mimea miwili ya katikati, tuweke gogo la kufungia na kufungua, na tukimaliza airudishe. Alikubali, kwa sharti kwamba itarudi ardhini siku hiyo hiyo kabla haijakauka mizizi. Aliing'oa mwenyewe, akaifunika kwa majani ya mgomba kivulini.

Siku ya kurekodi walivaa makoti ya mvua ambayo fundi cherehani wa senta aliyashonea mistari ya kung'aa, na helmeti. Mama alimtazama baba kutoka mlango wa jikoni, akasema anafanana na mtu aliyetumwa kuogesha ng'ombe dawa ya kupe. Baba alikuwa tayari anasimama.

Tulianza na kuchanjiana. Niliwakalisha kwenye vigoda chini ya mibuni, nikawaeleza kuwa hapa ni vijana. Waliangaliana mvi. Nikasema ujana wa angani ni mrefu. Nikampa baba tunda bivu la kahawa, na pembeni nilikuwa na rangi nyekundu ndani ya kizibo, ndiyo damu. Alitakiwa apasue, ampe mwenzake punje moja, aseme maneno niliyomwandikia kwa Kiswahili, kwa kuwa niliamua angani wanasema Kiswahili.

Alilishika lile tunda, akalizungusha mkononi, akaniambia hawezi.

Nilikasirika. Asubuhi ilikuwa inaisha, ukungu unapanda, na chaji ya simu haisubiri mzee. Nilimwambia ni filamu tu, hata damu yenyewe ni rangi.

"Rangi umeleta wewe," baba alisema. "Kahawa ni ya kweli. Siitafuni na mtu wakati tumbo langu lina neno."

Kwetu inasemwa kuwa ukitafuna punje ile na kinyongo, tumbo litakuvimba mpaka ufe. Mimi na cheti changu cha kidato cha nne nilikuwa nimelisahau hilo, nikaliandika kwenye karatasi kama pambo. Nikamwambia basi alitoe hilo neno, tuendelee. Nilidhani nitasikia habari za mpaka.

Akamgeukia baba mkubwa. Akaacha Kiswahili cha angani, akasema kwa Kinyambo, polepole: "Watu walitoka Nyakakika kwa miguu kuja kumzika mwanangu. Wewe ulikuwa hapo."

Na akaonyesha kwa kidole nyumba ya jirani, iliyokuwa inaonekana vizuri kupitia pengo tulilolifungua.

Baba mkubwa alivua helmeti. Aliipakata kama mtoto. Alisema, "Nilikuja. Nilifika kwenye mibuni ile nyuma ya jiko. Nikakusikia unalia. Sikuwahi kukusikia unalia maisha yangu yote, miguu ikanigomea. Nikarudi. Kesho yake nikaona aibu kuja, keshokutwa aibu ikazidi. Nilipopata moyo, nikakuta umeshapanda."

Simu ilikuwa inarekodi. Nilikuwa na hasira na wote wawili, na nilikuwa nalia, na katikati ya kilio hicho kijitu fulani ndani yangu kilikuwa kinasema nafasi ile kwenye karatasi imejaa. Nilikichukia, lakini kilikuwa kinasema kweli.

"Kumbe ulikuwepo," baba alisema.

Akapasua tunda. Rangi yangu hakuigusa mtu. Akampa mwenzake punje, yake akaitia mdomoni, wakatafuna wakitazama chini.

Mtu mwenye busara angewaacha wazee wakapumzike. Mimi nilikuwa na ratiba. Ilibaki sehemu ya mwisho, ambayo bila hiyo hakuna filamu: Nahodha anakuja na watu wake, Bawabu anateremsha gogo, mwisho. Nikawapanga. Baba mkubwa akaja kutoka upande wake, taratibu, kwa mwendo wa Nahodha ambao, lazima niseme, aliuweza. Akafika langoni. Baba akasimama. Gogo likabaki juu.

Nikamkumbusha kufunga. Hakufunga. Baba mkubwa akapita, akaenda kukaa kwenye kigoda chetu, akamwomba mama maji ya kunywa.

Niliwarudisha tena. Nilimweleza baba kwa heshima yote iliyokuwa imebaki kwamba Bawabu asipofunga lango, filamu ya kwanza haianzi, na isipoanza ya kwanza, zote sita hazipo.

"Basi zisiwepo," baba alisema, akaenda kuvua koti.

Ile milamula miwili ilikauka pale kivulini chini ya majani ya mgomba. Hakuna aliyeuliza.

Maneno yale ya chini ya mibuni niliyakata, hayakuwa ya kusikiwa na watu. Kwa hiyo aliyetazama aliona wazee wawili wanagombea tunda la kahawa, halafu ghafla wanatafuna na macho mekundu, halafu mmoja anapita langoni na mwingine anamtazama, imekwisha. Niliiweka kwenye kundi la mashabiki mtandaoni. Waliotazama walikuwa wachache, na kila mmoja alikuwa na shahada ya ukosoaji. Mmoja alisifu rangi ya macho, akauliza tulitumia dawa gani. Mwingine, wa Dar es Salaam, aliandika waraka: kwamba kuchanjiana hakumo popote katika filamu halisi, tumelishwa na mtafsiri wetu, kwamba Bawabu hajulikani kula kahawa, na kwamba kama lango lilibaki wazi, hizo filamu sita zimetoka wapi.

Nilimwonyesha baba swali hilo. Alikuwa kwenye benchi nje na baba mkubwa, wanabishana kuhusu nani alicheza vizuri, ubishi ambao mpaka leo haujapata mshindi. Alisema nimjibu huyo bwana kwamba hatujui. Nikamjibu hivyo hivyo.

Mama hakuwahi kukaa akaitazama mpaka mwisho. Nilimfuata na simu siku moja alipokuwa anarudi na ndoo kichwani, akipita kwenye lile pengo katikati ya milamula, nikamwomba angalau aone pale lango linapobaki wazi. Alitua ndoo, akatazama, akanirudishia simu yangu.

"Na kwa nini hamkuitengeneza mapema?" aliuliza, akajitwika maji, akaingia jikoni.