Salme na Barua Zilizofungiwa

Jambo la kwanza ambalo mtu alilitambua kwa Salme Shee ni kwamba hasira zake zilikuwa na adabu. Wengine hupandisha sauti; yeye aliishusha. Wengine husahau hata salamu; yeye alizizidisha. Katika ile ofisi ya kutoa mizigo bandarini, pale Magongo, kila mfanyakazi alijua kwamba Salme akikuita "bwana mkubwa" kwa sauti laini, ni heri utafute pa kujificha.

Mwaka wa 1999 aliwaita wengi bwana mkubwa.

Chanzo kilikuwa barua pepe. Ofisi ilitumia programu iliyoletwa na wakala mmoja kutoka Nairobi. Barua zote, tarehe za meli na miadi ya wateja vilikaa humo, na programu yenyewe ilifunguka kwa namba za siri ambazo wakala alizitoa kila mwaka kwa wakati aupendao yeye. Masika ilipoanza, namba zikaisha muda wake. Salme alibonyeza, akabonyeza tena, kompyuta ikamwambia hana ruhusa. Hana ruhusa ya kusoma barua alizoandikiwa yeye. Wakala alipopigiwa simu akasema yuko harusini, wavute subira.

Wakavuta subira. Kumbe miongoni mwa barua zilizofungiwa mlikuwa na taarifa kwamba kontena la mabati la Bwana Masha, mfanyabiashara wa Mjambere, limeshashuka. Masha alipokuja kuuliza, mvua zilikuwa zimekwisha kuingia nyumbani mwake, kuta zimesimama bila paa. Alimtukana Salme mbele ya wateja, huku akipiga kaunta kwa kofi. Salme akamjibu, "Una haki, bwana mkubwa," na moyoni akaapa kwamba hatatukanwa tena kwa kosa la mtu anayekula pilau ya watu.

Basi yeye na Kefa, karani mwenzake kutoka bara, wakaifufua kule stoo kompyuta kuukuu iliyokaliwa na mende, wakaiwekea Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, kutoka kwenye sidii iliyokuja na gazeti la kompyuta. Kisha wakatafuta programu ya barua na kalenda miongoni mwa zile ambazo waandishi wake wameziachia dunia nzima, pamoja na maandishi yake ya ndani, yaani yale maagizo yanayoiendesha programu, ili kila ajuaye azisome na kuzirekebisha. Walijaribu mbili. Ya kwanza ilipendeza macho, lakini laini ya simu ilipokatika ilizubaa na kupoteza barua, na Magongo laini hukatika. Ya pili haikuwa na sura, ila ilizipanga barua foleni ikingoja laini irudi, na kalenda ya meli ikaonekana kwenye kila meza. Wakachagua isiyo na sura.

Mzee Mwinyihaji, mwenye ofisi, aliwasikiliza mkutanoni hadi mwisho. Akauliza inauzwaje. Kefa akasema kwa furaha kwamba haiuzwi. Mzee akaweka kikombe chini.

"Cha bure hupewa fakiri," akasema. "Mimi hutoa zaka, sipokei. Watu wakisikia ofisi ya Mwinyihaji yaendeshwa kwa sadaka, uso wangu nitauweka wapi?"

Akaongeza kwamba wakala atakuja Jumatatu, mkataba utiwe sahihi upya, na maneno yameisha. Salme akainuka.

"Samahani, Mzee wangu. Kile kisima cha wakfu, pale msikitini kwenu Mishomoroni, hujapata kutawadha kwa maji yake?"

"Tangu utotoni."

"Na aliyekuona akakuita fakiri ni nani, bwana mkubwa?"

Mzee alinyoosha kidole mlangoni. Salme akatoka na kwenda stoo, akaanza kuchomoa nyaya.

"Dada, taratibu," Kefa akamwambia. "Hiyo ni shingo ya kompyuta, si ya Mzee."

Baada ya alasiri Mzee mwenyewe akaja stoo. Hakumtazama Salme, aliitazama ile mashine.

"Kisima kina msimamizi," akasema. "Kamba ikikatika hapa, ataiunga nani?"

"Mimi na Kefa."

"Na mkiolewa mkaenda zenu?"

"Kefa haolewi, Mzee."

Kefa akakohoa. Mzee hakucheka, na Salme hakuwa amekusudia kuchekesha. Akamweleza kwamba wakiondoka, fundi yeyote mwenye elimu hiyo ataweza kuifungua na kuitengeneza, kwa kuwa hakuna kilichofichwa. Ila huyu mtu wa Nairobi amefunika kisima, akatia kufuli, na wao ndio waliochota maji ya kukijaza.

Mzee akaigusa ile mashine kwa ncha ya kidole. "Jumatatu asubuhi wakala wa meli wa Dubai ataniandikia," akasema. "Barua yake ikiingia humu na kuonekana kwenye kila meza, yule bwana wa Nairobi atakunywa chai yake aende. Isipoingia, natia sahihi, nawe utaniomba radhi mbele ya watu wote."

"Na ikiingia, Mzee, nani ataniomba mimi?"

"Usinizoee, mwanangu."

Jumatatu Salme alifika wa kwanza, hasira zake zikiwa nzima kama alivyolala nazo. Dubai walikuwa wamepewa anwani mpya. Wakala wa Nairobi akaja, akaketi ofisini kwa Mzee, mkataba juu ya meza na kalamu kando yake. Mzee akaagiza chai, akauacha mlango wazi ili aione kompyuta yake na ya karani wa nje kwa pamoja.

Laini ilikatika mara moja. Kefa akapiga tena. Modemu, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na simu, ikalia, ikakoroma, ikanyamaza, ikaunganika. Kwenye meza zote watu waliacha kazi wakakodolea macho vioo. Salme alisimama katikati yao, akingoja barua ya Dubai.