Kambare wa Hollenbeck

Bi Lavonne Dreyer amesimamia meza ya kupigia kura katika ukumbi wa kanisa la Kilutheri kwa miaka thelathini na mmoja. Amekosa uchaguzi mmoja tu, ule aliovunjika nyonga, na hata siku hiyo alipiga simu mara nne kutoka hospitali kuuliza kama kalamu zimefungwa kamba. Katika kaunti yetu ya Harlow, kusini mwa Indiana, mtu akishapatikana na hatia ya wizi hakai tena kwenye meza hiyo. Ndiyo maana kesi ya mabango ilimkaa kooni.

Ilianza Mei. Huku kwetu uchaguzi ukiisha, mabango ya wagombea yanayobaki kwenye nyasi kando ya barabara ni ya anayewahi. Hakuna anayeyataka kwa ajili ya sura zao. Tunataka ile miguu ya waya mgumu, kwa maana hakuna kitu kinachoushika mche wa nyanya kama waya huo. Siku tatu baada ya kura ya mchujo, Bi Lavonne alizunguka na pikapu yake akang'oa mabango arobaini na matatu ya Garrett Hollenbeck, mwendesha mashtaka wa kaunti. Hakuacha hata moja. Alichosahau ni kwamba Hollenbeck alikuwa ameshinda mchujo, na mabango yake yalitakiwa kubaki hadi kura ya Novemba.

"Mimi niliona uchaguzi umeisha," aliniambia kwenye dirisha la masjala ya mahakama, ninakogonga mihuri.

"Umeisha wa Mei, Bi Lavonne."

"Na nyanya je, si za Mei?"

Hollenbeck hakucheka. Alifungua shtaka la wizi. Lakini mwenye kuibiwa hawezi kusimamia kesi yake mwenyewe, kwa hiyo Jaji Strickler akateua mwendesha mashtaka maalumu, wa kuazima kutoka kaunti jirani. Jina lake Royce Pfister, bwana anayecheka kwanza ndipo aseme.

Kaunti nzima ilimjua Pfister kwa sura, kwa sababu alikuwa kwenye yale mabango. Picha ilimwonyesha yeye na Hollenbeck wamekumbatiana mabega, wamemshika kambare mmoja mkubwa, na chini yake maneno: *Rafiki yangu wa miaka ishirini. Mchagueni.* Mabango mapya, yaliyosimikwa Juni, yalikuwa na Hollenbeck peke yake.

Bi Lavonne alikataa wakili. Siku ya kwanza mahakamani alisimama na mkoba wake mkononi, kama mtu aliyepita tu.

"Mheshimiwa, huyu ni rafiki yake Garrett. Umemtoa mbweha bandani ukamwingiza shemeji yake."

"Urafiki upi?" Pfister akauliza kwa upole. "Nawajua mawakili wengi. Kama mama ana ushahidi, aulete."

"Lile bango. Kila mtu aliliona."

"Nilichokiona mimi barabarani si ushahidi," alisema jaji. "Kuna nini mezani?"

Mezani hapakuwa na kitu. Nani hupiga picha bango la uchaguzi? Mabango yote ya kambare yalikuwa kwenye banda moja tu katika kaunti nzima, na kila mtu ukumbini alijua ni banda la nani. Kulileta moja ilikuwa sawa na kuubeba wizi mwenyewe hadi mbele ya jaji. Pfister alijua hivyo, na alikuwa anacheka.

"Basi nakata rufaa," alisema Bi Lavonne.

"Rufaa ni ya aliyehukumiwa," Pfister akajibu. "Mama asubiri zamu yake."

"Yaani huyu anifikishe kwenye hatia kwanza, ndipo niulize kama alistahili kunishtaki? Ni kama kumuuliza kuku aliyekwisha kaangwa."

Jaji alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Alisema atamruhusu awaulize majaji wa rufaa sasa hivi, kabla ya kesi. Ila wao hawasomi kingine zaidi ya jalada, na mpaka sasa jalada lina maneno matupu. Akampa hadi Ijumaa.

Jumatano alicheza karata na wenzake akashindwa raundi zote, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ijumaa mchana alikuja dirishani na kitu kipana chini ya koti.

"Gonga."

"Bi Lavonne, nikigonga hapa umekiri kwamba unalo."

"Kuchukua nilichukua. Kuiba ni neno la Garrett."

"Na wakisema ni wizi? Meza ya kura je?"

"Nikiachiwa huyu wa kambare, meza imekwenda vilevile. Gonga, mwanangu, mkono unaniuma."

Nafasi tupu ilikuwa moja tu, tumbo la kambare. Niligonga hapo. Bango halikuingia kwenye bahasha, nikaogopa kulikunja, maana ni kielelezo. Yeye alilikunja kwa goti, katikati ya marafiki wawili.

Jibu lilifika Agosti, ukurasa mmoja na nusu. Mshtakiwa anaweza kuupinga uteuzi kabla ya kesi, walisema majaji, kwa sababu baadaye huwa umechelewa. Uteuzi ukafutwa.

Aliyekuja badala yake alikuwa mama mmoja kutoka kaskazini kabisa, asiyemjua mtu hapa. Aliomba kuonyeshwa bustani, akala nyanya moja kwa chumvi akiwa amesimama, kisha akasema atalifuta shtaka endapo waya zitarudishwa.

"Zitarudi," alisema Bi Lavonne. "Jalidi ya kwanza, ile baridi inayogandisha umande, ikishaua miche."

"Hiyo ni lini?"

"Kwa kawaida Oktoba. Mwaka huu naona itachelewa."

Novemba, Hollenbeck alikuja kupiga kura ukumbini. Bi Lavonne alikuwa mezani, kalamu zimefungwa kamba.

"Kitambulisho."

"Bi Lavonne, umeniona tangu nikiwa kwenye nepi."

"Nilichokiona si ushahidi. Kuna nini mezani?"

Alitoa kadi. Bi Lavonne aliishika karibu na taa, akaiangalia picha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mstari wa wapiga kura ukirefuka hadi mlangoni.

"Sura ni yako," alisema mwishowe, akimpa karatasi ya kura. "Ila kambare simwoni."